Inashindaka bila kucheza: ubishi wa Iowa kuhusu kocha, mwanawe na pointi 25

Septemba 3, 2022, tulikaa kwenye gereji ya jirani yangu mzee hapa Coralville kuangalia timu ya Chuo Kikuu cha Iowa ikifungua msimu wa futiboli ya Kimarekani. Tulikuwa wanne: mzee, mwanawe, mimi, na rafiki yangu mmoja wa Bukavu aliyekuwa hajatimiza hata mwaka Marekani. Mchezo ulipoisha ubao ulisoma Iowa 7, South Dakota State 3. Rafiki yangu nilikuwa nimeshamfundisha kwamba 7 ni tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli la mpinzani kwa pointi 6, ukijumlisha mkwaju wa nyongeza wa pointi 1. Sasa akawa anauliza hiyo tachidauni imefungwa saa ngapi, labda ni pale alipotoka kupokea simu.

Haikuwepo. Iowa ilipata pointi 3 kwa mkwaju uliopita katikati ya milingoti, halafu 2, halafu 2 nyingine. Pointi 2 hupewa timu inayozuia pale inapomwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake la goli. Kwa maneno mengine, mabeki walifunga pointi 4, washambuliaji 3, na wapinzani wenyewe walikuwa wa daraja la chini. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chao: "Ndugu, hii timu inashindaka bila kucheza."

Nilipomtafsiria mzee, alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema neno ambalo wazee wa jimbo hili wanalo mdomoni siku zote: ushindi ni ushindi, ubao hauulizi umeupataje. Mwanawe hakuwepo kujibu. Alikuwa ameondoka robo ya tatu kwenda kukata majani, na mashine tuliisikia ikinguruma nyuma ya nyumba mpaka kipenga cha mwisho.

Ubishi wenyewe ndio huo, kama ushindi unatosha hata timu ikicheza vibaya, na haujaisha hadi leo. Nataka kuuchambua kwa sababu nimeusikia kazini, kanisani na dukani, na kwa sababu naona pande zote mbili mara nyingi zinabishania kitu kisichokuwa kiini chake.

Kwanza mtu wa mbali aelewe kwa nini watu wazima wanagombana juu ya timu ya wanafunzi. Iowa ni jimbo la watu milioni 3 na ushei, na halina timu ya kulipwa ya ligi yoyote kubwa, iwe futiboli, kikapu au besiboli. Chuo ndiyo timu ya taifa. Uwanja wa Kinnick unabeba watu zaidi ya 69,000, na umepewa jina la Nile Kinnick, mchezaji aliyeshinda tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo nchini, mwaka 1939 akafa mwaka 1943 akiwa rubani wa jeshi la majini. Kila robo ya kwanza inapokwisha, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa katika hospitali iliyo jirani, nao wanapunga kutoka madirishani ghorofani. Ukiliona hilo mara moja, hata kama hujui kanuni moja ya mchezo, umekwisha.

Kocha mkuu ni Kirk Ferentz, aliyeajiriwa mwishoni mwa 1998 na bado yupo. Msimu wake wa kwanza alishinda mchezo 1 akapoteza 10. Hawakumfukuza, na mwaka 2002 alimaliza na ushindi 11 na sehemu ya ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Iowa inacheza. Huo uvumilivu wa mwanzo wazee wanaukumbuka sana, na kila vijana wanapopiga kelele unarudishwa mezani.

Falsafa yake inaweza kuelezwa kwa mchezo mmoja, ule wa Oktoba 2004 dhidi ya Penn State, ulioisha 6-4. Iowa ikiongoza 6-2 katika robo ya mwisho, ikiwa imebanwa kwenye goli lake, Ferentz aliamua kwa makusudi kuwapa wapinzani pointi 2 ili apate kuupiga mpira mbali na hatari. Aliamini mabeki wake kiasi kwamba kutoa sadaka nusu ya uongozi wake hakukumsumbua. Akashinda. Sisi tuliokulia kwenye soka tungesema kapaki basi, ila huyu alipaki basi halafu akampa mpinzani nauli.

Na mtu asicheke haraka, maana hesabu yake ina mantiki. Katika futiboli timu ina majaribio manne kusogea yadi 10. Ikishindwa katika matatu, kwa kawaida jaribio la nne huupiga mpira mbali, kama beki anavyoosha. Sasa ukiwa na mwoshaji hodari, mpinzani anaanza safari yake yadi 90 kutoka kwenye goli lako badala ya 60. Safari ndefu ina makosa mengi: pasi ikadakwa na mpinzani, mpira ukadondoka, faulo ikarudisha nyuma. Iowa ina kocha wa mabeki anayeitwa Phil Parker, ambaye vijana wake wanasubiri kosa hilo kama paka kwenye tundu la panya. Mwoshaji wao alikuwa Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia. Mwaka 2023 aliupiga mpira mara 93 kwa jumla ya yadi 4,479, akavunja rekodi ya msimu mmoja iliyokuwepo tangu 1938. Mtaani zilivaliwa fulana zilizoandikwa kwa Kiingereza kwamba kuosha ndiko kushinda. Mzee wangu anayo. Anaivaa kuchomea nyama.

Upande wa mzee basi una hoja yenye miguu. Iowa haiwezi kushindana na Ohio State au Michigan kwa vipaji vya ushambuliaji. Wale watoto wenye mbio za swala hawachagui kuja kwenye mashamba ya mahindi yenye theluji. Inachoweza kupata ni vijana wazito, watiifu, wanaokaa miaka minne au mitano na kukomaa. Ukiwa na malighafi ya namna hiyo, unafupisha mchezo, hupotezi mpira kizembe, na unamwacha mwenzio ajikwae. Kwa miaka zaidi ya ishirini mfumo huo umeipeleka Iowa kwenye michezo ya mwisho wa mwaka karibu kila msimu, na umepeleka vijana kwenye ligi ya kulipwa kwa wingi: George Kittle, T.J. Hockenson, Sam LaPorta. Vyuo vingi vyenye pesa zaidi vingependa kuwa na rekodi hiyo.

Lakini sasa njoo kwa Brian.

Brian Ferentz ni mtoto wa Kirk. Alicheza Iowa, akafanya kazi kwenye benchi la timu ya kulipwa ya New England Patriots, akarudi kwa baba yake mwaka 2012, na mwaka 2017 akapewa ushambuliaji mzima. Chuo kina sera inayokataza mtu kumsimamia ndugu yake wa damu, kwa hiyo kwenye makaratasi bosi wa Brian alikuwa mkurugenzi wa michezo, Gary Barta, na baba alikuwa kama mwenzake tu. Kila mtu alijua nani anaamua uwanjani, ila saini ilikuwa ya mtu mwingine.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa na siku moja ya maajabu: Iowa iliichapa Ohio State 55-24 pale Kinnick. Wanaomtetea Brian hawaachi kuitaja. Ila kuanzia 2021 mambo yalizidi kudorora, na 2022 ndio ulikuwa mwaka wa aibu: wastani wa pointi 17.7 kwa mchezo, na kwa yadi ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu. Mwaka huohuo mabeki wake walikuwa miongoni mwa bora nchini. Walifungwa 10-7 na Iowa State, wakafungwa 9-6 na Illinois. Ushindi wa mwisho wa msimu, 21-0 dhidi ya Kentucky, tachidauni mbili kati ya tatu zilifungwa na mabeki walionasa pasi za mpinzani wakakimbia nazo.

Watetezi walisema tatizo ni wachezaji: kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, Spencer Petras, alikuwa mzito wa kusogea, mstari wa mbele ulikuwa na watoto, wadakaji hawakuwepo. Hapo ndipo mtoto wa jirani yangu anapotoa turufu yake, na mimi sijawahi kumsikia mtu akiijibu sawasawa. Kuna mdakaji anaitwa Charlie Jones. Mwaka 2021 alikuwa Iowa, wakamtumia zaidi kurudisha mipira iliyooshwa na wapinzani kuliko kupokea pasi. Mwaka 2022 akahamia Purdue, chuo cha ligi hiyohiyo, si cha kutisha. Akadaka pasi 110, idadi iliyomweka kileleni nchini. Mguu uleule, mikono ileile, ligi ileile. Ukisema Iowa haikuwa na mdakaji, Jones anakusimamia mlangoni.

Hiyo haimaanishi wachezaji hawakuwa na upungufu. Ila inaonyesha kwamba upungufu mwingine ulitengenezwa nyumbani. Kijana anayejua atarushiwa pasi mbili kwa mchezo anahama, na akihama unasema huna watu. Tangu sheria za uhamisho zilegezwe, chuo kinachowanyima washambuliaji wake mpira kinajikata mguu mara mbili.

Februari 2023 chuo kikaja na dawa ambayo naiona kuwa ya ajabu kuliko yote katika sakata hili. Mshahara wa Brian ulipunguzwa dola 50,000, kutoka 900,000 hadi 850,000, na mkataba ukawekewa masharti: timu ishinde michezo isiyopungua 7, na ipate wastani wa pointi 25 kwa mchezo. Pointi zote zilihesabiwa, hata zinazofungwa na mabeki. Kwa michezo 13 hiyo ni pointi 325, na jimbo zima likaanza kuhesabu kama watoto wanaosubiri Krismasi.

Fikiria kidogo maana yake. Beki akinasa pasi akakimbia nayo hadi golini, anamwokoa kocha wa washambuliaji. Timu ikiongoza 20-3 dakika tatu kabla ya mwisho, busara ya Kirk inasema shikilia mpira, saa ikimbie, twende nyumbani. Mkataba wa mwanawe unasema endelea kufunga. Chuo kilimwandikia mtoto sharti linalopingana na dini ya baba. Na lote hilo kwa sababu hakuna aliyetaka kusema wazi kwamba baba hawezi kumpima mwanawe. Wakaikabidhi hesabu kazi ya mdomo.

Mwaka 2023 walimleta kwotabeki Cade McNamara kutoka Michigan, yuleyule aliyeiongoza Michigan kuinyuka Iowa 42-3 kwenye fainali ya Big Ten mwaka 2021. Watu wakapumua. Septemba 23 Penn State ikawafunga 31-0, na Iowa ikapata yadi 76 mchezo mzima. Uwanja wenyewe una yadi 100 kutoka goli hadi goli. Wiki iliyofuata McNamara akaumia goti, msimu ukaisha kwake. Kabla yake alishaumia Luke Lachey, na baadaye Erick All, wote wawili wadakaji wa kutegemewa. Akaingia Deacon Hill, kijana mwenye mkono wa chuma lakini ambaye pasi zake nyingi zaidi zilianguka kuliko zilizofika. Nilimwonea huruma. Alikuwa mtoto wa chuo anayezomewa na baba za watu.

Hapa watetezi wa Brian wana haki yao, na tuwape. Hakuna kocha anayepoteza kwotabeki na wadakaji wake wawili wakuu akabaki vilevile. Kumpima mtu huyo kwa pointi 25 ni sawa na kumpa fundi nyumba bila mbao halafu ukamdai paa.

Oktoba 21, Minnesota walikuja Kinnick. Nilikuwa Melrose Avenue siku hiyo, upande wa pili wa barabara, ambako watu huchoma nyama kuanzia alfajiri na wasio na tiketi husikiliza mchezo kwenye redio za magari. Iowa ilikuwa nyuma 12-10, dakika moja na kidogo imebaki. Minnesota wakaosha. Cooper DeJean, beki ambaye kwa kweli ndiye alikuwa mfungaji wa timu, akaufuata mpira ukidunda pembeni kabisa mwa uwanja, akauokota, akawapita watu hadi golini. Barabara nzima ililipuka. Mtu nisiyemjua alinikumbatia akanimwagia bia shingoni. Kisha redio ikanyamaza. Waamuzi walikuwa wanarudia picha kuona kama alikanyaga mstari. Hakukanyaga. Lakini waliona kwamba kabla ya kuuokota alikuwa amepunga mkono wa kushoto, na hiyo ni ishara inayosimamisha mchezo. Tachidauni ikafutwa. Iowa ikarudishiwa mpira na nafasi ya kusogea yadi chache tu ili wajaribu mkwaju wa ushindi. Hawakuzipata.

Watu walimlaani mwamuzi wiki nzima. Sikumlaani, na niliwaambia pale kazini wakaninunia. Timu iliyokusanya yadi 127 mchezo mzima, nyumbani, haina haki ya kulia juu ya mkono wa DeJean. Mbona haulizwi aliyeifanya siku nzima itegemee mdundo wa mpira mmoja?

Siku tisa baadaye, Oktoba 30, kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian hatarudi msimu ujao. Barta alikuwa ameshastaafu. Timu wakati huo ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 2. Sijui timu nyingine ambayo kocha wa ushambuliaji ametangaziwa mwisho wake katikati ya msimu huku timu yake iko kileleni mwa kundi lake, sawa na wenzake wachache. Na ikaendelea kushinda vilevile: 10-7 dhidi ya Northwestern, 22-0 dhidi ya Rutgers, 15-13 dhidi ya Illinois, 13-10 dhidi ya Nebraska kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Wakafika fainali ya Big Ten wakafungwa 26-0 na Michigan. Januari 1, 2024, Tennessee wakawafunga 35-0. Jumla: ushindi 10, vipigo 4, wastani wa pointi 15.4, na nafasi ya mwisho kabisa nchini kwa yadi.

Mzee anasoma "ushindi 10". Mwanawe anasoma sufuri tatu katika vipigo vinne. Wote wanasoma karatasi moja.

Mimi nasoma hivi. Mfumo wa Kirk unaishinda timu iliyo sawa nawe au chini yako, kwa sababu timu hiyo itakosea. Ukikutana na timu isiyokosea, huna cha kuitisha, na mabeki wako wanabaki uwanjani hadi miguu inakufa ganzi. Kwa hiyo swali la kama Iowa icheze taratibu si swali. Kirk ameshalijibu kwa miaka yote hiyo. Swali ni kama kucheza taratibu kunahitaji kucheza vibaya. Kwa muda mrefu mashabiki waliaminishwa kwamba ni kitu kimoja, kwamba ukitaka mabeki wale lazima ukubali washambuliaji hawa. Huo ndio uongo uliowaingia.

Mwaka 2024 ulikuja kama jaribio la maabara. Baba yuleyule, Phil Parker yuleyule, ila ushambuliaji ukapewa Tim Lester, mtu asiye na undugu na yeyote. Hawakugeuka timu ya pasi za mbali. Walikimbia na mpira kama zamani, lakini kwa mpangilio unaomchanganya mpinzani kabla mpira haujaanza, na Kaleb Johnson akakimbia yadi 1,537 na kufunga tachidauni 21 kwa miguu. Wastani wa timu ukapanda hadi pointi 27.7. Ile 25 iliyoonekana mlima ilipitwa bila mtu hata kuitaja.

Mzee ananyoosha kidole: ndiyo, na tulishinda michezo 8 tu, pungufu ya ile 10 ya Brian! Ni kweli, na ni hoja inayochekesha mpaka uitazame vizuri. Mwaka 2023 ligi ilikuwa bado imegawanywa, na kundi la magharibi la Iowa lilikuwa dhaifu. Mwaka uliofuata makundi yalifutwa, wakaingia Oregon, Washington, USC na UCLA. DeJean na Taylor walikuwa wameshaenda kulipwa. Kwotabeki bado alikuwa tatizo. McNamara hakurudi kuwa yule wa Michigan, naye akaumia tena. Kufunga zaidi hakukuharibu mabeki, na hilo ndilo lililokuwa likihofiwa.

Kuna jambo moja ambalo vijana hawalisemi na ningependa walikubali. Brian hakuwa mjinga wa mpira. Alifundisha watu wa mstari wa mbele na wadakaji wakubwa wanaolipwa leo, na siku ile ya 55-24 haikuanguka kutoka mbinguni. Angekuwa chini ya bosi mwingine, bosi anayeweza kumwambia "hapana" mchana na asimkute mezani kwenye chakula cha jioni, huenda angerekebishwa mwaka 2021 au kuondolewa kimya mwaka 2022. Lawama yangu kubwa naipeleka kwa chuo kilichoandika sera ya kuzuia undugu kisha kikaizunguka kwa jina la mkurugenzi. Waliolipia ni mabeki. Jack Campbell, aliyechukua tuzo ya Butkus mwaka 2022 kama mchezaji bora wa nafasi yake nchini, alimaliza chuo akiwa amefungwa 10-7 na 9-6 msimu uleule.

Mwaka 2025 Iowa ilileta kwotabeki mpya, Mark Gronowski, kutoka South Dakota State. Ndiyo, wale wa 7-3. Alikuwepo siku ile upande wa pili, akirusha pasi kuelekea ukuta, na baada ya hapo aliipa timu yake ubingwa wa daraja lao mara mbili. Septemba 13 aliiongoza Iowa kuifunga UMass 47-7, na kwa ushindi huo Kirk Ferentz, miaka 70, alifikisha ushindi 206 akiwa Iowa na kumpita Woody Hayes wa Ohio State, aliyekuwa anaongoza makocha wote wa Big Ten.

Tulikuwa gereji ileile. Rafiki yangu wa Bukavu sasa ana jezi nyeusi na dhahabu na anabishana na televisheni kwa Kiingereza. Mtoto wa mzee hakuondoka kwenda popote; alikaa mbele kabisa, chupa mkononi, akishangilia kila tachidauni kama ni fainali. Robo ya nne nikamgeukia mzee nimpongeze kwa rekodi ya kocha wake. Alikuwa amesinzia, fulana yake ya kuosha imekunjamana kifuani. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akautazama ubao, akauliza kama kuna mpira wowote mzuri uliooshwa wakati amelala.